Waya wa fedha unanikatikia kwenye chamburo nikifika tundu ndogo: kosa la chamburo, la moto, au la fedha yenyewe?

#1 KoleoKiponda

Assalaam alaykum mafundi.

Naomba tulichambue hili. Navuta waya wa mkufu, fedha 925 (sehemu 925 za fedha safi kwa elfu) niliyoiyeyusha mwenyewe. Kwenye kalibu inatoka fimbo ya mraba ya milimita 6, naipitisha kwenye mashine ya kubana mpaka milimita 3, halafu naingia kwenye chamburo, lile bamba la tundu za kuvutia waya. Mpaka milimita 1 waya unakuja vizuri na unang'aa. Kuanzia 0.70 unaanza kukatika, na kwenye 0.60 haupiti nusu mita. Mie nautaka 0.50.

Chamburo ni la feleji (chuma kigumu), la zamani, tundu 30. Kilainisho ni mafuta ya nazi. Nimeupasha moto mara mbili, kwenye 2.0 na kwenye 1.0. Pale unapokatika, kipande kimoja kina kishimo kama kikombe, kipande cha pili kina kincha kinachoingia humo.

Maswali ni mawili. Ninunue chamburo la kabaidi ya tangsteni nimalize mashaka? Na likija, nalifunga vipi kwenye jiliwa (kibanio cha mezani), maana naambiwa kabaidi hupasuka kama kigae?

#2 NtaNaSabuni

Waalaykum salaam. Kabla hujatoa pesa, tuandikie saizi za tundu kwa mfuatano kuanzia 1.0 kushuka. "Tundu 30" peke yake haitwambii kitu.

#3 KoleoKiponda

Shukran. Zilizopigwa muhuri ni 1.00, 0.90, 0.80, 0.70, 0.60, 0.50, 0.40.

#4 NtaNaSabuni

Basi tatizo lako ndilo hilo. Usihesabu upana, hesabu eneo la kichwa cha waya, yaani upana mara upana. Ukitoka 3.0 kwenda 2.9 unapunguza asilimia 6.6 tu ya fedha. Ukitoka 1.00 kwenda 0.90 ni asilimia 19. Kutoka 0.80 kwenda 0.70 ni 23. Kutoka 0.70 kwenda 0.60 ni 26 na nusu. Kutoka 0.60 kwenda 0.50 ni karibu 31.

Kwa macho hatua ni ile ile ya 0.10. Kwa waya, kila tundu ni nzito kuliko iliyopita, na uzi wenyewe unaokokotwa ndio unazidi kuwa mwembamba. Kwa kazi ya mkono fedha huvutika kwa raha ukipunguza asilimia 10 hadi 20 kwa tundu. Ndiyo maana ukifika 0.70 unakwama.

Chamburo lolote utakalonunua, la feleji au la kabaidi, angalia hatua zake chini ya milimita 1: 0.05 mpaka ufike 0.50, na kutoka hapo 0.03 au 0.02. Usidanganywe na wingi wa tundu. Chamburo la tundu 20 zilizopangwa vizuri linashinda la tundu 40 ambazo nusu yake ni za waya mnene usiouvuta.

#5 MpembaWaMkoani

Hesabu ya #4 ni sahihi, lakini umeruka moto. Kaulainisha kwenye 1.0 halafu anataka kushuka mpaka 0.50 bila moto mwengine. Hiyo ni asilimia 75 ya fedha imebanwa, hata ukigawa hatua kumi. Waya uliokakamaa hivyo hata ukipita tundu, ukiuviringa kutengeneza pete ya mkufu utakatika.

Kanuni rahisi isiyotaka kikokotoo ni saba kwa kumi. Kila upana ukifika saba ya kumi ya ulipokuwa mara ya mwisho ulipopata moto, eneo limepungua nusu, rudi kwenye moto. Anza 3.0, moto kwenye 2.1, moto kwenye 1.5, moto kwenye 1.05, moto kwenye 0.75, malizia 0.50. Wewe kutoka 3.0 mpaka 2.0 uko sawa, lakini kutoka 2.0 mpaka 1.0 umeshapitiliza, na umeendelea.

#6 MaalimTupa

Nyote mnasema kweli na bado hamjamjibu. Someni tena #1: kikombe na kincha. Waya uliozidiwa na tundu hunyooka, hupata shingo nyembamba mbele ya chamburo, halafu hukatika. Waya uliokakamaa hukatika na kichwa cha kukwaruza, mara nyingi kwa mshazari. Kikombe na kincha maana yake moyo wa waya ulipasuka kwanza na ngozi ikafuata. Mpasuko ulikuwamo ndani tangu waya ni mnene, tena si mmoja, imejipanga kama mishale kila baada ya milimita kadhaa. Huioni, kwa sababu ngozi inang'aa. Ukifika 0.60 ngozi imekuwa nyembamba mno kubeba mvuto.

Unatoka wapi? Njia mbili. Ya kwanza ni kalibu: fedha ilimiminwa ikiwa baridi au polepole, ikaganda pembeni kwanza, katikati pakabaki tundu. Ya pili ni kinyume cha alichosema NtaNaSabuni: hatua ndogo mno. Ukitoka 3.0 kwenda 2.9 kwenye chamburo lenye mdomo mpana, unaikanda ngozi peke yake. Ngozi inarefuka, moyo haurefuki, unararuka. Kwa hiyo huku juu kwenye waya mnene ruka tundu, punguza asilimia 15 hadi 20 kwa mara moja, na huku chini usiruke.

#7 NtaNaSabuni

Maalim nakuheshimu sana, lakini asilimia 6 kwa tundu ndivyo machamburo mengi yalivyopangwa huku juu, na watu wanavuta kila siku. Ingekuwa inararua moyo, pasingekuwa na mkufu sokoni Darajani.

#8 MaalimTupa

Hairarui kila moyo. Inararua moyo ambao tayari una kasoro, na inategemea pembe ya mdomo wa tundu. Mdomo uliofunguka sana na hatua ndogo, hao wawili wakikutana ndio hatari. Ndiyo nasema akate akaangalie. Achukue kipande cha 2.0, akipige tupa kichwa kiwe bapa, akisugue kwa msasa laini mpaka kiwe kama kioo, aangalie kwa lenzi ya mara 10. Nukta nyeusi katikati inatosha kumwambia.

#9 BintiWaWete

Samahani nawaingilia. Mmeamini muhuri wa chamburo la zamani bila kulipima? Tundu hula, yaani hupanuka kwa kusagika. Chamburo la feleji linalotumika sana, tundu iliyoandikwa 0.70 inaweza kutoa waya wa 0.75, na jirani yake isiyotumika sana ikabaki 0.60 kweli. Hapo hatua si asilimia 26 tena, ni 36.

Tundu haipimwi kwa kalipa, meno hayaingii. Pima hivi:

Chukua waya wa shaba nyekundu, ulainishe kwa moto, uvute kwenye tundu ya kwanza unayotaka kuijua. Kata sentimita 5 za mwisho. Upime kwa maikromita, halafu uzungushe robo duara, upime tena. Andika namba zote mbili. Nenda tundu inayofuata kwa waya ule ule. Ukimaliza tundu zote bandika karatasi ndani ya kifuniko cha sanduku la chamburo, na tangu siku hiyo muhuri usiutazame.

Namba mbili zikipishana kwa zaidi ya milimita 0.02, tundu imekuwa yai. Tundu ya umbo la yai hubana upande mmoja, waya hutoka umejipinda kama mkia wa mjusi, na kila ukiunyoosha kwa mkono unaukakamaza zaidi.

#10 MpembaWaMkoani

Dada kasema kweli. Na yai hiyo huletwa na mvutaji mwenyewe, anayevuta kwa kuinamisha mkono. Waya lazima utoke umenyooka, pembe mraba kabisa na uso wa chamburo.

#11 Udodi26

Ongezeeni hili: mtu akinunua chamburo lililoandikwa namba za geji (vipimo vya unene wa waya) badala ya milimita, aulize ni geji ya nani. Namba 20 ya Uingereza ni milimita 0.914, namba 20 ya Marekani ni 0.812. Namba 22: 0.711 kwa 0.644. Namba 24: 0.559 kwa 0.511. Ukinunua nusu ya vifaa Bombay na nusu mtandaoni, utaagiza waya wa 24 na kuulazimisha kwenye tundu ya 24 ambayo siyo ndugu yake. Waya wa kulehemu na sindano za kuviringia pete za mkufu pia huja kwa geji, kwa hiyo kosa linakufuata mpaka mwisho wa kazi.

#12 FuaweMoja

Swali moja hakuna aliyemuuliza. KoleoKiponda, hiyo 925 umeipata wapi? Umepima fedha safi na shaba ukachanganya, au umeyeyusha vitu vya kale?

#13 KoleoKiponda

Nilichanganya. Gramu 60 za punje za fedha safi na shaba nyekundu kwa hesabu ya 925. Halafu nikaongeza bangili mbili zilizovunjika na kufuli za mikufu, gramu 20 hivi.

#14 FuaweMoja

Kufuli! Basi tumefika. Kufuli za mikufu ya kale zimelehemiwa, na wakarabati wa haraka hutumia lehemu ya bati na risasi. Risasi kidogo tu ikiingia kwenye fedha haikai ndani ya punje (zile chembe ndogo zinazoiunda fedha ikiganda), inakaa mipakani mwa punje na kuzifanya zitengane. Ukiipiga baridi inavumilia kidogo, ukiipiga ikiwa na moto inamomonyoka kama kashata. Kwenye dhahabu ni balaa zaidi. Ndani ya kufuli pia kuna springi ya chuma, hiyo nayo huleta madoa magumu.

Jaribio: chukua kipande cha fimbo iliyobaki, kitie moto mpaka kiwe chekundu kwa mbali, kiweke juu ya fuawe upige nyundo moja ya wastani. Kikipasuka, fedha hiyo si ya waya. Ifanye kazi ya kusubu (kumimina kwenye kalibu) au ipeleke ikasafishwe.

#15 KifuuCheusi

Si aongeze shura (chumvi ya baruti) kidogo na tinikali (boraksi) akiyeyusha tena? Shura inachoma risasi na bati.

#16 FuaweMoja

Inachoma, ila haichagui. Inakula na shaba iliyomo, na 925 yako haitakuwa 925 tena ukimaliza. Kwa dhahabu ya karati 22 unaweza kujitetea. Kwa fedha yenye shaba, fedha iliyochafuka risasi irudishwe ikawe fedha safi ndipo ichanganywe upya. Usisahau moshi wake. Kama ni lazima, fanya nje, upepo ukiwa mgongoni kwako.

#17 Udodi26

Kwa kuwa tumefika kwenye fedha ya kuyeyusha: wapo wanaochukua sarafu za kale wakidhani zote ni 925. Riale ya Maria Theresa, ile yenye mwaka 1780, ni 833 kwa elfu, uzito gramu 28.07. Rupia ya fedha ya India ya wakati wa Waingereza ni 917, gramu 11.66, ndiyo uzito wa tola moja yenyewe. Shilingi ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1920 na 1930 ni 250 tu. Hiyo ya mwisho si fedha ya sonara hata kidogo, ukiitia kwenye chungu imeharibu chungu kizima.

Riale moja ili iwe 925 inataka kuongezwa gramu 34.3 za fedha safi. Bila kuongeza inavutika, lakini shaba ni nyingi, inakakamaa upesi. Kanuni ya saba kwa kumi ya #5 haitoshi hapo. Ipashe moto kila upana ukifika nane ya kumi.

#18 BintiWaWete

Jamani riale msiziyeyushe. Zilizobaki kwenye vidani vya bibi zetu zina thamani kuliko gramu zake, na kidani kikishavunjwa hakirudi. Fedha ya punje inauzwa, nunueni punje.

#19 Udodi26

Nakubaliana nawe kabisa, Bi Wete. Nimetoa hesabu kwa aliyeletewa na mteja riale iliyotobolewa na kusagika, si kwa kuhimiza.

#20 JiliwaLaMichenzani

Nirudi kwenye swali la pili la #1, hakuna aliyeligusa.

Chamburo la kabaidi ni bamba la chuma lililochomekwa vijiwe vya kabaidi, kila kijiwe kina tundu yake. Kabaidi haikubali kubanwa wala kugongwa. Mpangilio uwe hivi. Kwenye meno ya jiliwa tia vibati vya shaba nyekundu au ngozi nene. Bana ukingo wa chini wa bamba tu, pale pasipo na vijiwe, na safu unayoitumia ibaki juu kidogo ya meno ya jiliwa, isiwe juu sana. Ikiwa juu sana bamba linayumba ukivuta, waya unatoka na mawimbi. Meno yakikaa juu ya kijiwe, ukikaza tu utasikia mlio, kijiwe kimepasuka, na tundu hiyo haina dawa.

Urefu wa jiliwa: tundu iwe sawa na kiwiko chako ukisimama. Unavuta kwa kurudi nyuma kwa mwili mzima, mkono umenyooka, mguu mmoja nyuma. Kwa waya wa zaidi ya milimita 2 tumia ubao wa kuvutia wenye mkanda na gurudumu. Kwa mkono utavuta kwa vituo, na kila kituo kinaacha alama ya pete kwenye waya.

Mdomo mpana wa tundu ndio unaopokea waya. Usifuate upande wenye namba, kwa sababu machamburo mengi namba ziko upande wa kutokea. Angalia tundu zenyewe.

Ncha: piga tupa sentimita 3 au 4 ziwe nyembamba taratibu, kama mkia wa pweza, si kama ncha ya penseli. Waya uulaze kwenye mfereji uliochongwa juu ya gogo, piga tupa huku unauzungusha. Ncha fupi ndiyo inayokatika kwenye koleo, halafu watu wanalaumu chamburo.

#21 MpembaWaMkoani

Na koleo liwe la kuvutia, lenye meno bapa yenye mikwaruzo. Koleo la fundi umeme linakata ncha.

#22 KifuuCheusi

Feleji msiidharau. Tundu ya feleji ikila, unageuza bamba, unagonga taratibu kwa nyundo ya kichwa duara kuzunguka mdomo mdogo mpaka tundu ijifunge kidogo, halafu unaifungua upya kwa sindano ya feleji iliyonyooshwa ncha, kutokea upande mpana. Unapima kwa njia ya #9. Kabaidi ikila unatupa.

#23 JiliwaLaMichenzani

Kweli kwa bamba la zamani ambalo feleji yake haikutiwa ugumu sana. Machamburo mengi ya sasa yametiwa moto na maji yakawa magumu mpaka ndani, ukiligonga litapasuka kutoka tundu moja hadi nyengine. Lijaribu pembeni kwa tupa kwanza. Tupa ikiteleza bila kula, weka nyundo chini.

Na kabaidi haili haraka hivyo. Kinachoiua ni tindikali. Ndani ya kabaidi kuna kobalti inayoshikanisha chembe, na tindikali hula kobalti. Waya ukitoka kwenye tindikali au kwenye maji ya shabu ya kuusafishia baada ya moto, uoshe kwa maji ya magadi, suuza, kausha, ndipo uingie kwenye chamburo. Feleji adui yake ni chumvi ya hewa yetu hii. Ukiliacha usiku mmoja bila mafuta wakati wa kusi, asubuhi kutu imeshakaa ndani ya tundu, na kutu ni msasa.

#24 NtaNaSabuni

Kuhusu kilainisho. Mafuta ya nazi peke yake kwa joto letu ni maji tu. Mdomo wa tundu unayakamua yote yakabaki nyuma, na waya unaingia mkavu. Yeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta hayo hayo ya nazi, nusu kwa nusu, yaache yagande kwenye kikopo. Pitisha waya juu yake kabla ya kila tundu, na jaza kidogo kwenye mdomo mpana wenyewe. Sabuni ya kipande kavu nayo inafaa kwa waya mwembamba.

Sikiliza chamburo. Likilia au likitetemeka mkononi, simama, waya umekauka. Na kabla ya moto osha nta kwa maji moto na sabuni. Ikiungua juu ya waya inaacha masizi yanayoingia kwenye tundu inayofuata.

#25 KifuuCheusi

Kupasha moto waya mwembamba mie nafanya hivi: napaka tinikali, ikigeuka kioo natoa. Rahisi.

#26 MpembaWaMkoani

Hapana yakhe, hapo unawapotosha watu. Tinikali tupu huyeyuka karibu nyuzijoto 743. Fedha 925 inalainika kwenye 600 hadi 650, na inaanza kuyeyuka karibu 800. Ukingoja kioo umeshapitiliza, punje zimekuwa kubwa, na waya ukiupinda ngozi yake inakuwa kama ganda la chungwa. Punje kubwa nazo hukatika kwenye tundu ndogo. Waya wa 0.50 ukiwa na punje chache tu upande kwa upande, hauna pa kushikia.

Fanya kivulini, mwanga mkali unaficha rangi. Viringa waya uwe pete ya sentimita 6 au 7, uufunge kwa mkia wake mwenyewe, usifunge kwa waya wa chuma. Chuma kikiingia nao kwenye tindikali, fedha yako itatoka imepakwa rangi ya shaba. Uweke juu ya makaa ya vifuu, tumia moto mpana na laini, zungusha daima. Ukiona wekundu hafifu, ule wa kuuona kwa kuutafuta, ondoa moto, ngoja wekundu uzime, tia majini. Alama ya kalamu ya wino mweusi wa kudumu uliyoichora kabla nayo hufifia karibu na joto hilo. Uzi mmoja ukijitokeza nje ya pete ndio unaoyeyuka kwanza, kwa hiyo ubane vizuri.

#27 Mkufu22

Kwa wanaovuta dhahabu: nyekundu ya karati 18, yenye shaba nyingi, itie majini mara moja. Ukiiacha ipoe yenyewe inakakamaa tena wakati inapoa, na utadhani hukuipasha moto kabisa. Karati 22 ni laini, haina mashaka hayo.

#28 KoleoKiponda

Nimerudi na majibu.

Nimepima kwa waya wa shaba kama alivyoeleza BintiWaWete. Tundu ya 0.80 inatoa 0.82 na 0.83. Ya 0.70 inatoa 0.74 na 0.78. Ya 0.60 inatoa 0.61 na 0.61. Ya 0.50 inatoa 0.52 na 0.52.

Nimekata waya wa 2.0 sehemu tano nikasugua. Sehemu mbili zina nukta nyeusi katikati, tatu safi.

Kipande cha fimbo nimekipiga kwa moto juu ya fuawe. Kimepasuka pembeni kidogo, hakikumomonyoka.

Na waya wa shaba nyekundu, chamburo lile lile, mafuta yale yale ya nazi, umefika 0.52 bila kukatika hata mara moja.

#29 BintiWaWete

Tundu ya 0.70 imekuwa yai, na kutoka hapo kwenda 0.61 unapunguza asilimia 35 au 36. Tundu ya kukatikia ni ile ile uliyoisema. Mie sina la kutafuta zaidi.

#30 FuaweMoja

Lakini shaba imepita tundu hizo hizo, dada. Kama chamburo ndilo mkosa, kwa nini shaba imesamehewa? Kimepasuka pembeni kwa moto. Fedha nzuri haipasuki kwa nyundo ya wastani.

#31 BintiWaWete

Shaba nyekundu uliyoilainisha inavumilia kuliko 925, hilo si jambo la kubishaniwa. Na kapiga nyundo ikiwa na joto gani? Ukipiga 925 karibu na 750 itapasuka pembeni hata iwe safi.

#32 MaalimTupa

Nukta mbili katika tano. Mkipenda mbishane juu ya risasi na yai, lakini kitu cheusi katikati ya waya wa 2.0 hakikuletwa na tundu ya 0.70, bado haujafika huko. KoleoKiponda, nambie: ulimimina kalibu ikiwa na moto au baridi? Na mwisho wa juu wa fimbo, ule uliomiminwa mwisho, uliukata ukautupa au uliuvuta pamoja?

#33 KoleoKiponda

Kalibu ilikuwa na uvuguvugu, maalim, niliipaka mafuta kidogo. Mwisho wa juu sikuukata.

#34 MaalimTupa

Kata sentimita moja na nusu juu kila mara, hapo ndipo fedha inaponywea ikiganda. Kalibu iwe moto wa kufukisha tone la maji papo hapo, mafuta yawe ukungu tu. Yakizidi yanatoa gesi ndani ya fedha. Uliovuta sasa ulitokea mwisho upi wa fimbo, wa juu au wa chini? Kama umeweka alama, kata nukta tano kila upande utwambie.

#35 NtaNaSabuni

Na kabla hujakata, upashe moto waya ulionao kwenye 0.74, paka nta, upitishe kwenye chamburo la kuazima lenye 0.70 na 0.65. Ukipita mpaka 0.50, gramu 10 zitakupa karibu mita 4.9, mkufu wa mteja utatoka huku mnaendelea kuitafuta nukta.

#36 KoleoKiponda

Alama sikuweka. Ninayo fimbo ya pili haijaguswa, ya chungu kile kile, na mwisho wake wa juu unajulikana. Naikata miisho yote miwili leo baada ya Alasiri. Nani yuko karibu na Mkunazini ana chamburo lenye 0.65?

#37 JiliwaLaMichenzani

Ninalo, la kabaidi, 0.65 haijawahi kuguswa. Njoo na waya umeshaosha tindikali.